Rangi Chini ya Kifuniko

Lililetwa Kizota kwa kamba, nyuma ya trekta la kukodi,
Pijo la mwaka ambao mimi sijang'oa hata jino.
Paa limepauka kama magoti ya mtoto wa machungani,
boneti imebanduka, imejikunja vipande
kama ukoko pembeni mwa sufuria.
Ubavu wa magharibi ndio ulioliwa zaidi:
miaka kumi na tisa lilikaa uani, Mpwapwa,
likiligeuzia jua la saa kumi shavu lile lile.

Sechelela Chilongani alishuka na mkoba wake.
"Lilikuwa la baba. Bwana mifugo.
Lilikuwa bluu."
Kaka yake, kwa simu kutoka Manyoni, akasema jeupe.
Mdogo wao akaapa: la kijivu,
yeye ndiye aliyekuwa akiliosha.
Nikawasikiliza wote. Fundi rangi habishani na wafiwa,
huchukua msasa.

Namba mia nne, maji, kiganja.
Bluu ikatoka kwanza, nyembamba kama uongo wa haraka;
chini yake nyeupe, iliyopakwa kwa brashi,
nywele za brashi zimo bado;
chini yake kijivu.
Kila mtoto alikuwa na gari lake.

Kisha nikafungua kifuniko cha tangi.
Pale, mahali jua halijawahi kualikwa,
upana wa kiganja tu:
kijani kinachoelekea manjano,
zabibu za Hombolo wiki moja kabla hazijakubali sukari.
Nikamwita. Akainama, akanusa petroli ya zamani,
akanyamaza muda wa mtu kuhesabu ng'ombe wanaoingia zizini.
"Hili," akasema, "ni gari alilokuwa nalo kabla yetu."

Nikakwangua kutu mpaka bati likalia.
Nikaziba matundu kwa puti, nikapiga msasa,
nikapapasa nimefumba macho,
maana jicho husamehe tuta, kidole hakisamehe.
Juu ya mlango wa dereva, chini tu ya dirisha,
bati lilikuwa limelainika, lina kibonde:
kiwiko chake,
Kongwa, Kibakwe, chanjo za chambavu kwenye boksi nyuma.
Puti ilikuwa mkononi.
Sikukijaza. Wala sikumwambia.

Dodoma si mji wa kupaka rangi mwezi Agosti.
Upepo huamka saa mbili, na ukiamka
hubeba vumbi la kwetu, la jirani,
na la watu ambao hatujawahi kusalimiana.
Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri, kwa taa,
nilimwaga sakafuni madumu manne ya maji
ili vumbi lilale.
Mke wangu alisimama mlangoni, kanga kichwani:
"Mgao ni Alhamisi. Unalinywesha gari?"
Sikuwa na jibu. Kompresa ilishaanza kunguruma.

Mkono mmoja, mwendo mmoja, bila kusita katikati;
ukisita, rangi hutoa machozi,
na machozi ya rangi hukauka palepale yalipo.
Koti la kwanza. La pili. La tatu. Klia.
Nzi akatua karibu na taa ya mbele,
nikamtoa kwa ncha ya sindano.
Mwenzake nilimwacha, alikwisha zama.
Mji nao una haki ya kutia saini mahali.

Saa mbili upepo ukaja,
ukakuta magunia mabichi mlangoni, ukasonya, ukapita.

Siku ya pili, alasiri, Sechelela aligusa boneti
kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa ya mtoto.
Akaingia, akakaa, akashusha kioo.
Kiwiko chake kikaenda chenyewe kibondeni.
Akanitazama.
Nikajifanya natafuta kizibo cha thina.

Tulipolisukuma nje, jua la saa kumi lilikuwa likingoja.
Likakaa juu ya boneti, likajitazama humo,
likarekebisha ukosi,
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.